Vitini viwili vya UNC kuhusu utangulizi na hitimisho, vikipimwa kwa insha ya Kiswahili

Kituo cha Uandishi cha Chuo Kikuu cha North Carolina (UNC) kilichoko Chapel Hill, Marekani, kimeweka mtandaoni vitini vingi vya bure kwa wanafunzi wake. Viwili kati ya hivyo vinahusu sehemu mbili za insha zinazowasumbua wanafunzi kuliko nyingine zote, yaani aya ya kwanza na aya ya mwisho. Vinapatikana writingcenter.unc.edu, sehemu ya vidokezo na zana. Havilipiwi, havidai akaunti wala barua pepe, na kwa kuwa sehemu kubwa ni maandishi, havili bando jingi. Kila kimoja husomeka kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Lugha ni Kiingereza chepesi, na msomaji aliyelengwa ni mwanafunzi wa chuo.

Tumevipima kwa kipimo ambacho waandishi wake hawakukifikiria: je, vinamsaidia anayeandika insha kwa Kiswahili, hasa mtahiniwa wa kidato cha nne na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni? Kitini cha hitimisho ni kizuri kuliko cha utangulizi. Vyote viwili vinazipita mbali zile PDF za "tangulizi tamu za kukariri" zinazouzwa kwenye makundi ya WhatsApp. Lakini mtahiniwa akivifuata neno kwa neno ndani ya chumba cha mtihani, vitamwangusha mahali fulani, na mahali hapo tutapataja.

Tuanze na utangulizi. Uhodari wa kitini hiki ni kwamba hakianzi kwa kuorodhesha sifa za utangulizi mzuri. Kinaorodhesha aina tano za utangulizi dhaifu, kila moja na mfano wake, na mifano yote inajibu swali moja kuhusu elimu na utumwa katika maisha ya Frederick Douglass, Mmarekani aliyetoroka utumwani akawa mwandishi. Msomaji anaona swali lilelile likiharibiwa mara tano kwa njia tano, kisha likijibiwa vizuri. Ni ufundi mkubwa wa kufundisha. Mwalimu yeyote anayetoa mifano mitano kutoka mada tano tofauti angefanya vyema kuiga hapo, maana mada ikibaki ileile macho ya mwanafunzi hayana pa kukimbilia ila kwenye tofauti ya uandishi.

Aina ya kwanza ni utangulizi wa kujaza nafasi. Kwa Kiswahili sote tunaufahamu: "Elimu ni kitu muhimu sana katika maisha ya binadamu." Ondoa elimu, weka afya. Weka michezo, maji, amani, mazingira. Sentensi inasimama vilevile, nayo ni dalili kwamba haijasema lolote. Chanzo chake ni mkono kuanza kuandika kabla kichwa hakijaamua. Mwanafunzi anaandika ili apate joto, na hoja yake halisi inajitokeza kwenye sentensi ya tatu au ya nne. Tiba ni ya kikatili lakini hufanya kazi: futa sentensi mbili za mwanzo, soma kinachobaki. Mara nyingi insha hupata nafuu papo hapo.

Ya pili ni kurudia swali. Umeambiwa ujadili faida na hasara za mitandao ya kijamii, nawe unaandika kwamba mitandao ya kijamii ina faida na hasara nyingi na kwamba katika insha hii utazijadili. Mtahini analo swali mezani, hahitaji kusomewa. Hapa tuongeze jambo: maneno makuu ya swali lazima yaonekane kwenye aya ya kwanza, la sivyo mtahini atajiuliza kama umeielewa mada. Kosa ni kuyarudisha bila kuyaongezea uamuzi. "Faida za mitandao ya kijamii humfikia anayeuza, hasara zake humfikia anayetazama tu" ni sentensi yenye maneno yaleyale ya swali, lakini tayari kuna mtu anayesema kitu.

Ya tatu ni utangulizi wa kamusi, ule unaofungua kwa "kwa mujibu wa kamusi, neno fulani lina maana ya…". Kitini kinaushauri mkono uukwepe. Tunakubali kwa insha za jumla, ila kwa wanafunzi wa Kiswahili vyuoni shauri hilo linahitaji kuwekewa mpaka. Swali linalohusu lahaja, fasihi simulizi au ushairi mara nyingi lina mgogoro wa fasili ndani yake, na mhadhiri anataka kuona fasili za wataalamu zikilinganishwa. Kanuni tunayoipendekeza ni hii: fasili neno pale tu ambapo fasili ikibadilika, jibu lako nalo linabadilika. Ukijadili kama majigambo ni ushairi au ni maigizo, fasili ya ushairi ndiyo uwanja wa vita, iweke mbele. Ukijadili uharibifu wa mazingira, hakuna anayebisha mazingira ni nini.

Aina ya nne ni ile ya kuanzia mwanzo wa ulimwengu. "Tangu enzi za mababu zetu…", "Tangu jadi…", "Toka binadamu aumbwe…" Ubaya wake ni kwamba hauwezi kuthibitishwa, na insha yenyewe inahusu jambo la juzi. Mwandishi asogeze saa karibu. Ataje mwaka, mwezi, au siku jambo lenyewe lilipoanza kuwa tatizo.

Ya tano ni ya uhakiki wa fasihi: aya nzima inayotaja mwandishi, mwaka, wahusika na muhtasari wa kisa kabla ya hoja yoyote. Mtahini wa karatasi ya fasihi ameshakisoma kitabu. Jina la kazi na la mwandishi huingia ndani ya kishazi kimoja, kisha uende kwenye dai lako.

Kuna aina ya sita ambayo kitini hakina, na hatukilaumu, kwa sababu insha za chuo kikuu cha Marekani haziizai. Sisi tunaiita utangulizi wa mapambo. "Majogoo yaliwika kwa zamu. Jua lilichomoza kwa madaha likitandaza miale yake ya dhahabu. Ndege walitumbuiza kwa nyimbo nyororo. Nilirauka, nikapiga mswaki, nikastaftahi…" Mistari sita imekwisha na hakuna kilichotokea. Mazoea haya hujengwa shule ya msingi, mtoto akisifiwa kwa tamathali za usemi, naye akizibeba hadi sekondari kama mzigo wa harusi. Matokeo yake ni kwamba jua linachomoza katika kila insha, hata ile ambayo ajali ilitokea saa tano usiku. Hatusemi tamathali ziachwe. Insha ya kubuni ya Kiswahili bila lugha tamu ni chai bila majani. Tunasema pambo lifanye kazi: kama ni mvua iliyoziba barabara hadi mgonjwa akachelewa hospitali, basi ipambe mvua hiyo kadiri unavyoweza, kwa kuwa kisa kinaihitaji. Kama hali ya hewa haina dhambi yoyote katika kisa chako, fungua kwenye dakika ile mambo yanapoanza kuharibika.

Ushauri mwingine mkubwa wa kitini hiki ni kwamba utangulizi si lazima uandikwe kwanza. Waandishi wengi hugundua wanachotaka kusema wakiwa katikati, kwa hiyo utangulizi wa awali uchukuliwe kuwa wa muda, urudiwe mwishoni. Kwa anayeandika kwa kompyuta, ushauri huu ni dhahabu, na ukimsaidia mwanafunzi wa chuo kwa jambo moja tu, liwe hili. Kwa anayeandika kwa kalamu ndani ya mtihani, una mtego.

Chukua karatasi ya insha ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya, namba 102/1. Muda ni saa 1 na dakika 45. Maswali ni manne, la kwanza la lazima, kisha mtahiniwa huchagua moja kati ya matatu. Kila insha isipungue maneno 400, na kila moja ina alama 20. Dakika 105 kwa insha mbili ni kama dakika 52 kwa kila moja, na humo uchague swali, upange, uandike na usome upya. Hakuna nafasi ya kuandika kiini kwanza halafu urudi juu. Wapo wanaoacha mistari saba mitupu mwanzoni, nao hupatwa na balaa mbili: mistari inabaki mitupu muda ukiisha, au utangulizi unakuwa mrefu na kubanwa pembeni kwa herufi za sisimizi.

Njia inayobakiza faida ya ushauri ule bila hatari yake ni kutumia dakika sita au saba za mwanzo kupanga kwenye ukurasa wa nyuma, na kuandika vitu vitatu tu. Kwanza, dai lako kwa sentensi moja. Pili, hoja tano au sita kwa neno moja moja, zikipangwa kuanzia ya kawaida hadi ile yenye uzito. Tatu, sentensi ya mwisho kabisa ya insha. Ukishajua unakofikia, utangulizi hauandikwi tena kwa kupapasa. Kwa insha ya maneno 400 hadi 450, utangulizi wa maneno 45 hadi 65 unatosha, na hitimisho kadiri hiyohiyo. Kwa mwandiko wa kawaida ni kama mistari mitano hadi saba. Ukivuka mistari kumi umekula nafasi ya hoja nzima. Kwa insha ya chuo ya maneno 2000, kila upande uchukue 150 hadi 200.

Vilevile kitini hakijui lolote kuhusu insha ya mdokezo na ya methali. Mdokezo ukisema anza kwa maneno fulani, utangulizi wako umeshaandikwa na mwenye mtihani. Kazi yako ni kuyanakili kama yalivyo, bila kuongeza hata neno mbele yake, na sentensi ya pili ishike nafsi na wakati uleule. Kosa la kawaida ni mdokezo wa nafsi ya kwanza kufuatwa na kisa cha nafsi ya tatu. Kwa methali, wanafunzi wengi hutumia aya nzima kueleza maana ya nje, maana ya ndani na methali tatu zinazofanana nayo. Aya hiyo haibebi insha. Kinachobeba ni kisa kinachotimiza pande zote mbili za methali. Katika "Mchagua jembe si mkulima", kisa kionyeshe anayechagua, na pia kionyeshe kwamba kazi haikufanyika. Maelezo ya maana, ukiyataka, yamalizike kwa sentensi moja au mbili.

Sasa kitini cha pili. Hapa UNC wamefanya kazi ambayo ni vigumu kuipata kwingine. Msingi wake ni mchezo wa kumuuliza mwandishi swali moja, na kumuuliza tena. Kwa Kiswahili swali lenyewe ni fupi zaidi: "Kwa hiyo?" Unasoma dai lako, rafiki anakuuliza kwa hiyo, unajibu. Anauliza tena. Jibu la tatu mara nyingi ndilo hitimisho.

Tuujaribu kwa mada ya marufuku ya mifuko ya plastiki. Dai: mifuko ya plastiki huziba mitaro. Kwa hiyo? Mvua ikinyesha maji hukosa njia na kuingia majumbani. Kwa hiyo? Wanaofurikiwa ni watu wa bondeni, ambao huenda mifuko yenyewe hawakuitupa wao. Kwa hiyo? Basi marufuku inamlinda mtu wa bondeni dhidi ya uchafu wa mtu wa mlimani. Simama hapo. Ukiulizwa mara ya tano utaanza kuzungumzia amani ya dunia. Zingatia kwamba jibu hilo la tatu halikuwa kwenye orodha ya hoja, ila limezaliwa nazo. Ndiyo maana halihesabiwi kuwa hoja mpya, jambo ambalo kitini kinalikataza na mtahini pia hulikataa.

Ili tofauti ionekane, huu hapa utangulizi na hitimisho la mada hiyo kama zinavyoandikwa mara nyingi:

"Mazingira ni muhimu sana katika maisha ya binadamu. Tangu enzi za mababu zetu, binadamu ameyategemea mazingira. Katika insha hii nitajadili umuhimu wa marufuku ya mifuko ya plastiki."

"Kwa kuhitimisha, marufuku ya mifuko ya plastiki ina umuhimu mwingi kama nilivyoeleza hapo juu. Serikali na wadau wote washirikiane kuyatunza mazingira. Mazingira ni uhai."

Na hizi hapa baada ya kupita kwenye mchezo ule:

"Agosti 28, 2017, mfuko wa plastiki uliokuwa ukitolewa bure karibu katika kila duka nchini Kenya uligeuka kuwa kosa la jinai, lenye faini ya hadi shilingi milioni nne au kifungo cha hadi miaka minne. Adhabu hiyo ni nzito kwa kitu chepesi namna hiyo. Lakini mfuko ukitupwa haukai ulipotupwa. Hubebwa na maji hadi kwenye mtaro wa mtu mwingine, na hasara ikawa yake. Kwa sababu hiyo marufuku inastahili kutetewa."

"Mwenye duka anaweza kulalamika kwamba amenyang'anywa urahisi, na analosema ni kweli. Ila urahisi huo ulikuwa na mlipaji wake: mama wa bondeni anayechota maji sebuleni kwa ndoo, na mfugaji anayempasua ng'ombe akakuta tumbo limejaa plastiki. Zamu ya chupa ikifika, swali liwe lilelile: nani ananufaika na nani anaachiwa taka?"

Hitimisho la pili limerudi kwenye duka lililotajwa mwanzoni, limemkubalia mpinzani jambo moja, limewakusanya walioumia waliotawanyika kwenye kiini, kisha limesukuma hoja hatua moja mbele, kwenye chupa. Kurudi kwenye picha ya utangulizi ni mojawapo ya mbinu ambazo kitini kinazitaja, na ndiyo rahisi kuliko zote kwa mwanafunzi aliyechoka, maana malighafi anayo tayari. Angalia pia kwamba mwandishi wa Tanzania asingeweza kunakili tarehe hiyo. Kwake marufuku ilianza Juni 1, 2019. Utangulizi wenye tarehe hauazimwi hovyo, na hiyo ni faida yake kubwa dhidi ya utangulizi wa kukariri. Watahiniwa kumi wa kituo kimoja wakifungua kwa sentensi ileile ya PDF, mtahini huona mara moja kwamba si yao.

Kama kile cha utangulizi, kitini hiki nacho kina orodha ya magonjwa, mara hii manne. La kwanza ni hitimisho linalorudia dai bila kuligusa. Njia ya kulipima: funika kiini, soma utangulizi, kisha soma hitimisho. Zikiwa mapacha, insha haikwenda popote. La pili wameliita kwa jina la Sherlock Holmes, kwa kuwa mwandishi anaficha dai hadi aya ya mwisho kama mpelelezi anayemfichua muuaji. Hapa tunatofautiana nao kidogo. Katika insha ya mjadala ya Kiswahili ni kawaida kupima pande mbili kwanza na kutoa msimamo mwishoni, nayo ni adabu ya hoja kama adabu nyingine. Linaloharibu ni msimamo usiotarajiwa: hoja sita za kupinga, halafu "kwa maoni yangu naunga mkono". Weka kidokezo kwenye utangulizi, hata neno moja lenye mwelekeo, ili msomaji asishtuke.

La tatu ni hitimisho la hisia, ambalo wamelipa majina ya nyimbo za Kimarekani. Msomaji wetu hazihitaji nyimbo hizo ili kulielewa. "Shime vijana wenzangu, tushikane mikono, tujenge taifa letu" linatosha. La nne ni kapu la vikorokoro, ambamo mwandishi anatupa kila alichosahau: takwimu, mfano wa shangazi, hoja ya saba. Ukikumbuka hoja zikiwa zimebaki dakika tatu, iandike kama aya fupi ya sentensi mbili kabla ya hitimisho. Usiichomeke ndani yake.

Kuna ugonjwa wetu mwingine ambao tungetamani kitini kingeupiga kwa nguvu zaidi, kwa sababu kinapendekeza mwandishi apendekeze hatua ya kuchukuliwa, na pendekezo hilo kwa Kiswahili hufungua mlango wa "serikali na wadau wote". Serikali, wazazi, walimu, viongozi wa dini na wadau wote washirikiane. Sentensi hii huandikwa kwenye insha za dawa za kulevya, mimba za utotoni, ajali, ukame na ufisadi, bila kubadilika hata nukta. Haina mtu wa kulaumiwa isipofanyika. Pendekezo lenye maana hutaja nani, afanye nini, kwa kutumia nini. "Kamati ya soko iweke mapipa mawili kwenye kila lango na ushuru wa siku moja kwa wiki ulipe mzoaji" ni pendekezo. Hata kama msomaji hakubaliani nalo, analo la kupinga.

Kuhusu maneno ya kufungulia hitimisho, kitini kinashauri kuachana na "kwa kuhitimisha" na ndugu zake, kwamba msomaji anaona mwenyewe kuwa karatasi inaisha. Kwa insha ya kusomwa kimyakimya ni kweli. Kwa hotuba ni makosa, na hotuba ni mojawapo ya tungo za kiuamilifu, yaani zenye muundo maalumu wa kikazi, zinazotahiniwa. Msikilizaji hana karatasi. "Kabla sijatua, naomba niwaachie jambo moja" humfanya aketi vizuri. Hotuba pia ina utangulizi wenye itifaki: wageni hutajwa kwa ngazi ya vyeo, aliye juu kwanza, kisha salamu, ndipo mada. Barua rasmi ina anwani mbili, tarehe, mtajo na mada yenye MINT: au KUH: kwa Kenya na YAH: kwa Tanzania, na hitimisho lake ni sahihi na jina. Kumbukumbu za mkutano hufunguliwa kwa orodha ya waliohudhuria na hufungwa kwa nafasi za sahihi za mwenyekiti na katibu. Mwanafunzi atakayejaribu kuanza kumbukumbu kwa kisa cha kusisimua eti kwa sababu UNC wamesema umvute msomaji, atapoteza alama za muundo zilizokuwa bure mezani. Swali la lazima la 102/1 huwa la aina hii, kwa hiyo udhaifu huu si mdogo.

Insha ya kubuni nayo imeachwa nje kabisa. Kitini hakimwambii mwandishi afanye nini na kisa kilichomshinda kukifunga, na ndiyo sababu tunaendelea kusoma "ghafla nikazinduka, kumbe ilikuwa ndoto". Mwisho wa ndoto hufuta kila kitu msomaji alichokihangaikia. Huandikwa na mwanafunzi aliyemwingiza mhusika wake kwenye pango la majambazi bila kupanga mlango wa kutokea. Tiba iko kwenye ukurasa wa mpango tulioutaja: sentensi ya mwisho iandikwe kabla ya ya kwanza. Kuhusu kufunga kwa methali, ijaribu kwa kuifuta. Kisa kikibaki kimeeleweka vilevile, methali ilikuwa utepe tu. Methali ikimgeukia mhusika kwa namna asiyoitarajia, iache.

Wanaojua Purdue OWL, huduma nyingine ya bure kutoka chuo kikuu cha Marekani, watauliza ipi ni bora. Kwa kunukuu vyanzo kwa mitindo ya APA na MLA, nenda Purdue bila kusita. Kwa aya ya kwanza na ya mwisho, maelezo ya UNC ni mapana zaidi na yanaeleza sababu, hayatoi amri tu.

Jambo la mwisho kwa walimu ni la leseni. Vitini hivi vimetolewa kwa leseni ya Creative Commons inayoruhusu kunakili bila biashara, kwa kumtaja mwenyewe, na bila kubadilisha. Maana yake unaweza kukichapa kitini kizima na kukigawa bure darasani, lakini huruhusiwi kukitafsiri na kuisambaza tafsiri hiyo, wala kukata vipande na kuvitia kwenye kijitabu cha kuuza. Kuyaeleza mawazo yake kwa mdomo wako na mifano yako ni halali kabisa.

Kwa kipindi cha dakika 40, zoezi linalofaa ni hili. Chagua insha sita za zamani zisizo na majina, zenye maswali tofauti. Nakili aya ya kwanza na ya mwisho ya kila moja, kiini ukiache. Wagawie wanafunzi wawiliwawili. Dakika kumi za kwanza wabahatishe swali lilikuwa lipi na mwandishi alikuwa na msimamo gani, wakisoma utangulizi peke yake. Dakika kumi zinazofuata wasome hitimisho na waandike kila neno lililoongeza kitu ambacho utangulizi haukuwa nacho. Dakika kumi na tano wachague mbovu kuliko zote, waulizane "kwa hiyo?" mara tatu, na waandike hitimisho jipya lisilozidi maneno 60. Dakika tano zinazobaki yasomwe kwa sauti mahitimisho mawili tu, la zamani kisha jipya, bila mwalimu kusema ni lipi la nani.